Tabora, Mji wa Kungoja

Katika makanisa yetu ya leo ukimya umekuwa jambo la kuombewa radhi. Padri au mchungaji akinyamaza kidogo, kinanda kinaingia. Kinanda kikikoma, kwaya inainuka. Na kwaya ikikaa, mtu wa matangazo ameshashika kipaza sauti. Sala ya moyo, ile inayoitwa taamuli, bado inatajwa vitabuni na katika maisha ya watakatifu, lakini ni wachache wanaofundishwa namna ya kuiingia, kudumu ndani yake na kuvumilia ukavu wake. Nasema kufundishwa, kwa kuwa huu ni ufundi. Una mwalimu na mwanagenzi, una makosa yake yanayojulikana, na hauji kwa pupa. Muda wenyewe ndio kiini chake: anayesali kimya anajifunza kumngoja Mungu bila kumharakisha. Na kama kuna upande wa nchi yetu ambao Ukristo uliingia kwa kungoja, ni Tabora na njia ya misafara iliyopita hapo.

Msafara kutoka Bagamoyo ulichukua miezi kama mitatu kufika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na ukishafika haukuwa na hakika ya kuondoka. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima; mvua zilipokaribia walirudi kwenye mashamba yao, na mizigo ya matajiri ikalala hadi kiangazi. Vita vya mtemi Mirambo wa Urambo vilipofunga njia ya Ujiji, watu walingoja tena. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu Machi hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi ambao mwanahabari Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Kabla ya hapo, alipokwama Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, alikuwa ameisoma Biblia nzima mara nne. Tarehe 19 Machi, siku yake ya kuzaliwa, siku tano tu baada ya Stanley kuondoka, aliandika katika shajara yake sala fupi ya kujitoa upya kwa Yesu. Wengi humkumbuka Livingstone wa ramani na chemchemi za Nile. Mimi naona mistari ile ya Kwihara ina uzito kuliko kurasa nyingi za safari zake, maana haina habari ya ugunduzi wala hesabu ya maili. Iliandikwa na mtu aliyedhoofika mwili, ambaye hakubakiwa na la kufanya ila kungoja, naye akaugeuza ungojaji huo kuwa sadaka. Mafundi wa sala wamekuwa wakilifanya jambo hilo hilo tangu zamani.

Mapadri Weupe wa kwanza waliotumwa na Kardinali Lavigerie walipita njia hiyo mwaka 1878. Mmoja wa wakuu wao, Padri Pascal, alifia Ugogo mwezi Agosti. Waliosalia walifika Tabora, wakagawana njia, hawa Ujiji, wale Buganda. Lavigerie alikuwa ameweka sharti ambalo leo lingeonekana kuwachelewesha watu bure: miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo. Aliliokota katika desturi ya Kanisa la kale. Aliyekuja kuomba alifundishwa kwanza habari za Mungu Muumba, dhambi na sala, akakaa na hayo kama miaka miwili; mafumbo ya sakramenti yalifunguliwa baadaye, hatua kwa hatua, kadiri alivyoonekana kuiva. Mtu wa namna hiyo alizoea kuinama mbele ya asichokielewa bado, na kuinama huko ndiko taamuli. Wamoravian nao, waliopokea Urambo mwaka 1898 kutoka Shirika la Kimisionari la London, walikuja na urithi wa Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1727 waumini walianza kupokezana sala saa kwa saa, usiku na mchana, na zamu ile ikadumu zaidi ya miaka 100. Madhehebu mawili, njia moja, na pande zote mbili walijua kwamba sala ina zamu na uanagenzi.

Kuna atakayesema, na ana haki, kwamba njia ile haifai kusifiwa: ilipitisha pembe na minyororo, na mtumwa aliyefungwa kwenye kambi ya Tabora hakuwa akisali, alikuwa akiteseka. Ni kweli, na asiyeisema kweli hiyo hana haki ya kuzungumzia kungoja. Lakini mwangalie Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama bidhaa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomea utabibu Malta. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu, akapanda na msafara kutoka pwani hadi akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, akawa daktari na katekista. Hakuondoka tena. Alikaa zaidi ya miaka 60, akitibu na kufundisha dini, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeibiwa utoto wake aliutoa uzee wake wote kwa hiari, mahali pamoja. Wanaodai kwamba maisha ya ndani humfanya mtu amkimbie jirani waende Karema wakaulize.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waumini wenyewe: muungano na Mungu ni neema, basi ufundi unaingilia wapi? Teresa wa Avila alilijibu kwa mfano wa bustani. Mtu anaweza kuchota maji kisimani kwa ndoo, kuyavuta kwa gurudumu, kuyaelekeza kutoka mtoni, au kunyeshewa na mvua. Mvua haina fundi, lakini bustani isiyopaliliwa ikinyeshewa huota magugu. Mkulima wa Tabora, anayetayarisha shamba Oktoba huku mbingu ikiwa kavu, hahitaji kuelezwa zaidi. Wala tusiambiwe kwamba huu ni uzungu. Antoni aliyeingia jangwani katika karne ya tatu alikuwa Mmisri, na Ulaya ilijifunza ukimya kutoka Afrika kabla Afrika haijaletewa harmoniamu.

Silaumu ngoma wala nyimbo; Wanyamwezi walitembea nchi nzima wakiimba, na sifa za Mungu zina haki ya kupazwa. Ninachosikitikia ni kwamba tumebaki na wimbo peke yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na mwendo wa miezi ukawa wa siku, jambo jema kwa mizigo. Kwa roho haikujengwa reli, lakini tunaishi kana kwamba ipo: mafungo ya siku nane yanageuka semina ya Jumamosi, na mkesha unapimwa kwa ukubwa wa spika. Seminari ya Kipalapala, iliyofunguliwa mwaka 1925, imetoa vizazi vya mapadri waliofundishwa kutafakari kila alfajiri, ila ufundi huo mara nyingi uliishia katika nyumba za mapadri na masista, mlei akaachiwa rozari na kwaya. Parokia yoyote ya Urambo au ushirika wa Sikonge ungeweza kuanza na nusu saa ya kimya kwa wiki, bila gharama. Chumba kipo, na ruhusa hupatikana. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mwanafunzi wiki ya tatu, sala inapokauka na simu inapoita, amwambie asiondoke; na watu wa namna hiyo tumeacha kuwaandaa.