Nukta na Manung'uniko

Kule London, mkutano wa watumiaji wa Stata, programu ya takwimu, una desturi ya kumalizika kwa kikao ambacho jina lake mimi hulitafsiri matakwa na manung'uniko. Waundaji wa programu, waliosafiri kutoka Texas, hukaa mbele. Sisi tulioshinda nayo mwaka mzima tukihesabu wagonjwa, mishahara na magunia ya mahindi husimama mmoja mmoja kuwasomea mashtaka. Amri hii inachelewa. Grafu ile haisomeki. Huyu anataka kitu kisichowezekana, yule anataka kitu kilichokuwepo tangu zamani ila hakusoma mwongozo. Nao husikiliza, huandika, hujitetea pale inapobidi. Mgema wa kwetu akisifiwa hulitia tembo maji. Hawa walivuka bahari kuja kusikia tembo lao lina kasoro gani.

Mara ya kwanza kuhudhuria nilikuwa mwanafunzi, na kilichonikaa moyoni hakikutoka ukumbini. Kilitoka kwenye meza ya chai.

Pale mezani alikuwepo mzee mmoja, mtakwimu mstaafu, aliyekuwa akisoma amri zake kwenye karatasi zilizochapwa, penseli mkononi. Alikuwa akizipitia mstari kwa mstari kama mtu anayechagua mchele kwenye ungo: kidole kinasogea, kinasimama, kinatoa kijiwe, kinaendelea. Sikuwa nimewahi kuona mtu akisoma programu namna hiyo. Nilimwomba aitazame kazi yangu. Nilikuwa na data za kaya kutoka vijiji kadhaa vya Kigoma na nilikuwa na matokeo ya kujivunia: wazee walikuwa wengi kupita matarajio. Nilikwisha kuitengenezea hali hiyo na nadharia nzima, ya vijana kukimbilia mjini na kuacha vijiji mikononi mwa wakongwe. Kurasa kumi na mbili.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Hawa wazee wako wametoka wapi?"

Nikaanza nadharia upya. Akanizuia kwa mkono, akashuka kwenye safu ya umri, akaweka ncha ya penseli juu ya nukta moja. Chini yake palikuwa na nukta nyingine. Na nyingine.

Wanaoijua Stata wamekwisha kucheka. Mahali pasipo na jibu, programu huweka nukta, na katika mpangilio wake nukta ni kubwa kuliko namba yoyote. Mimi niliomba watu wote wenye umri uliozidi 60, nayo ikanipa wote, pamoja na kila ambaye umri wake haukuandikwa. Bibi aliyesema alizaliwa mwaka wa njaa, karani akashindwa kuugeuza kuwa tarakimu, aliingia humo, na huyo angalau alikuwa mzee kweli. Lakini aliingia pia kichanga ambaye mama yake alikuwa shamba siku ya mahojiano na jirani hakujua amezaliwa lini. Watoto wa kunyonya walikuwa wamezeeka ndani ya kompyuta yangu, nami nikawaandikia kurasa kumi na mbili.

Mzee hakucheka. Aliongeza kwa penseli sharti moja fupi: iwe kubwa kuliko 60, na iwe ndogo kuliko nukta. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Ufundi ninaousifu ni huo, wa mtu kuipitia kazi ya mwenzake, na Stata yenyewe imekua kwa huo. William Gould na wenzake walipoitoa Stata mwaka 1985 ilikuwa na amri 44 tu. Zilizofuata hazikutoka kiwandani peke yake, maana mtumiaji naye alipewa nyundo na tupa achonge za kwake. Kuanzia 1991 jarida dogo, Stata Technical Bulletin, likawa linasambaza kazi za wasomaji pamoja na disketi zake. Mwaka 1995 wakakutana London kwa mara ya kwanza. Baadaye Boston College ikawa ghala ambamo mtu huweka alichochonga, na mwingine hukichukua bure. Nicholas Cox, mwanajiografia wa Durham, ameandika miaka na miaka juu ya namna ya kuitumia lugha hii vizuri, na anaweza kukushikilia kwa kurasa kadhaa kuhusu grafu moja ya vitone. Ukifungua maelezo ya amri iliyotoka kwa mtumiaji utakuta chini jina la aliyeichonga, na mara nyingi shukrani kwa fulani aliyemwonyesha kosa. Shukrani kwa kosa!

Najua Stata inauzwa, tena si kwa bei ya mwanafunzi wa kwetu. Watu wa R, ambao programu yao ni ya bure na walianza mikutano yao ya useR! pale Vienna mwaka 2004, watanicheka kwa kulia juu ya baraza la bidhaa ya dukani. Wacheke. Meza ya chai wanayo na wao.

Mwaka 2020 korona iliwafungia wote majumbani, mikutano ikahamia kwenye kioo. Mada zilisikika vizuri tu. Chai kila mtu alikunywa kwake, na hakuna aliyeinama juu ya daftari la mwenzake. Kumbi zimefunguliwa tena, lakini wengi wetu tulikwisha kuzoea kukaa peke yetu na hesabu zetu.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea hapa Dar es Salaam ripoti yake niipitie. Amri zote ameandikiwa na akili mnemba, na ni safi, safi kuliko zangu. Majedwali yamenyooka, asilimia zina desimali mbili. Wazee walikuwa wengi.

"Na nukta umezifanyaje?" nikamwuliza.

"Nukta zipi, mwalimu?"

Nikavuta mtoto wa meza nimtolee ile karatasi. Nilipoinua kichwa, yeye alikuwa ameshika simu, anaiuliza.