Fundi wa Ndengu

Ukitaka kujua kampuni bora za ugavi zinazizidi nyingine kwa lipi, usianze kwa kuhesabu malori yake. Fuata ndengu kutoka Tulia, kaunti ya Kitui, hadi kwa wauzaji wa nafaka wa Nyamakima, Nairobi. Mnunuzi anayezifikisha huko zikiwa kama zilivyotoka juani ni fundi, na ufundi wake unastahili heshima.

Ukambani, mvua ya kutegemewa zaidi ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu hukomaa kwa siku 60 hadi 90, hivyo mavuno huja kwa pamoja na bei huporomoka. Mnunuzi wa kawaida hutokea wakati huo na mizani yake. Fundi alishaanza kazi mvua ilipoanza: anajua nani amepanda N26, ile wengi wanayoiita nailoni, nani amepanda KS20, na nani alichelewa kupanda. Magunia hayajafungwa naye ameshajua atapata kiasi gani na lini.

Mtazame anapopima. Hatosheki na ndengu za juu ya gunia; huingiza mkono hadi chini, huko uchafu na unyevu hujificha. Kisha hutia chumvi kavu na konzi ya ndengu katika chupa ya kioo iliyokauka vizuri, huifunga, huitikisa na kuiacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, ndengu bado ni mbichi. Hapo hagombi wala hapunji bei. Husema tu, "Mama, anika siku mbili zaidi, nitapitia Alhamisi." Na Alhamisi hufika. Ahadi hiyo ndiyo humfanya mama yule amwekee ndengu zake hata broka mwingine anapopita na shilingi mbili zaidi.

Baada ya unyevu kuna dumuzi. Huyu hutaga mayai tangu ndengu zikiwa shambani, na kiluwiluwi hula punje kwa ndani. Ukiona tundu, hasara imeshaingia. Kwa hivyo fundi hutumia gunia lenye mifuko miwili ya plastiki ndani yake: hukandamiza hewa itoke, husokota mdomo wa kila mfuko na kuufunga peke yake. Dumuzi hukosa hewa na kufa, bila dawa yoyote. Sasa anaweza kungoja bei ipande.

Toyota, iliyosifika duniani kwa kuleta vipuri pale tu vinapohitajika, nayo ilijifunza kuweka akiba kwa namna hiyo kutokana na tetemeko la Japani la Machi 2011. Ilichunguza wauzaji wake hadi wale wanaowauzia wauzaji hao, ikawataka waweke akiba ya chipu ya miezi kadhaa. Uhaba wa chipu ulipoanza kufunga viwanda vya magari mapema 2021, Toyota ilistahimili kuliko wenzake wengi, ingawa baadaye nayo iliguswa.

Kwa hiyo kinachowatenga walio bora ni kumjua mzalishaji kabla ya mavuno, kupima bila kudhulumu, kuhifadhi kwa makini na kutimiza siku waliyoahidi. Pesa hununua malori. Haya hujengwa msimu hadi msimu. Wewe unayenunua mazao, msimu ujao mtembelee mkulima mvua inapoanza, na siku ya malipo ikifika, mlipe.