Mshale ndio Kazi ya Msanifu

Michoro ya usanifu wa mifumo inasifiwa siku hizi kwa mambo yasiyo na uzito: rangi zimepangika, visanduku vimelingana, nembo za wauza programu zimekaa mahali pake. Bodi inapiga makofi, mkataba unasainiwa, na mchoro haujasema lolote. Visanduku hata mgeni atavichora akishapita idarani kuuliza maswali. Msanifu mifumo wa taasisi apimwe kwa mshale unaotoka kisanduku kimoja kwenda kingine, na hapo ndipo jicho lisilozoea halitui kabisa.

Mshale uliofikiriwa una majibu. Data ni ya nani, na nani ana ruhusa ya kuisahihisha? Upande wa pili ukinyamaza, mwombaji asubiri, arudie, au aendelee bila jibu? Akirudia, muamala utaingia mara mbili? Hesabu za jioni zisipolingana, idara ipi inawajibika? Chukua malipo ya serikali ya Tanzania kupitia GePG, mfumo wake wa malipo ya kielektroniki. Mwananchi hupewa namba ya kumbukumbu, akalipa benki au kwa simu. Asiyejua atachora mshale wa fedha aishie hapo, ilhali ugumu uko kwenye mshale wa kurudi: taarifa iifikie taasisi iliyotoa ankara, na namba ile ile, ili deni lifungwe. Mafundi wa X-Road, mfumo wa Estonia wa taasisi kubadilishana data ulioanza 2001, walilijua hili. Hawakurundika data ghala moja. Kila taasisi ilibaki na kanzidata yake, na kila ombi likatiwa saini ya kidijitali na kuwekewa kumbukumbu. Kinyume chake ni benki ya TSB ya Uingereza, iliyohamia jukwaa jipya la kompyuta Aprili 2018, karibu yote kwa mkupuo mmoja. Data zenyewe zilihama salama. Jukwaa ndilo lililoelemewa mara wateja walipoingia, huduma hazikutengemaa hadi Desemba, na mwaka 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Wapo watakaosema kwamba mishale ni kazi ya waandika programu, na kwamba cheti cha TOGAF, mwongozo wa usanifu wa mifumo ya taasisi, kinatosha kwa msanifu. Cheti kinawapa watu istilahi za pamoja, na hilo lina faida. Lakini mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway alishaandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata mawasiliano ya taasisi iliyousanifu. Basi mshale unaosuasua mara nyingi ni idara mbili zisizosikilizana, na mwandika programu hana mamlaka ya kuzipatanisha. Msanifu anayo, au anapaswa kuitafuta. Kwa hiyo sifa ya kwanza ni kusikiliza ugomvi wa mhasibu na mtu wa ghala mpaka ujue nani ana data ya kweli. Ya pili ni kuandika sentensi zinazoeleweka. Ya tatu ni kukataa mfumo mpya kabla wa zamani haujapangiwa tarehe ya kuzimwa. Wasanifu wa zamani waliopanda kutoka chumba cha seva walikuwa hivyo. Walishakesha na miamala iliyopotea kabla ya kupewa cheo.

Anayeomba kazi hii apewe mchoro wake mwenyewe, aulizwe mshale mmoja tu. Jibu likianza na jina la bidhaa, aitwe mwombaji anayefuata.