Mjadala wa redio hutengenezwa nje ya studio

Anayetaka kupima kipindi cha mazungumzo cha redio siku hizi huanza na mtangazaji: sauti yake, ujasiri wake wa kumbana mgeni, wingi wa simu zinazoingia. Vipimo hivyo huishia mlangoni mwa studio, na nadhani ndiyo maana vinatudanganya. Ushahidi wangu ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa mwaka 1973 na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kusomewa kitabu na kujadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Hapakuwa na namba ya simu ya kupiga studio, wala mwanakijiji aliyesikika papo hapo akibishana na daktari. Hata hivyo ni vigumu kutaja mjadala mwingine wa sayansi uliopitia redio nchini ukawagusa watu wengi kiasi hicho.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Dar es Salaam. Canada ilikuwa na mabaraza ya redio ya wakulima tangu mwaka 1941, na India ilifanya jaribio la aina hiyo katika vijiji vya eneo la Pune mwaka 1956 kwa msaada wa UNESCO. Tanzania iliingia taratibu. Ilianza na Kupanga ni Kuchagua, kampeni ya kuufafanua mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, na mwaka 1971, katika kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, ikaja Wakati wa Furaha, iliyopata washiriki kama 20,000. Kutoka hapo hadi milioni 2 ni miaka miwili tu, na mruko huo hauwezi kuelezwa kwa mitambo. Kilichoongezeka ni watu wa kazi. Wakufunzi wa ngazi ya juu waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha viongozi wa vikundi kwa semina fupi, mpaka wakapatikana viongozi wapatao 75,000. Sweden ilisaidia gharama, vitabu vikaandikwa kwa Kiswahili chepesi, na kampeni ikapangiwa kiangazi, jembe linapopumzika. Mpangilio huo wa majira hautajwi sana, lakini kwangu una uzito sawa na vitabu: kipindi kizuri kinachorushwa wakati wa palizi hakina msikilizaji.

Kiini cha ufundi wote kilikuwa kiongozi wa kikundi, na jambo la kuangalia ni kwamba hakutakiwa kuwa mtaalamu. Aliwasha redio, kipindi kikaisha, akasoma sura ya kitabu kwa sauti ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma, kisha akaelekeza mazungumzo kwenye mambo ya hapohapo: ugonjwa huu upo kwetu, unaletwa na nini hapa, na tutafanya nini juu yake. Redio ilihakikisha kwamba kila kikundi kinapata maelezo yaleyale. Kitabu kiliyashika maelezo yasipotee, maana neno la redio likishapita halirudi; na betri zikiisha, au mawimbi yakikwaruza, sura ya juma hilo bado ilikuwa mkononi. Kikundi ndicho kilichoamua. Kila chombo kilifunika udhaifu wa kingine, na hakuna kilichoachiwa kazi kisichoiweza. Kipindi cha leo humtaka mtangazaji mmoja awe mwalimu, mwamuzi na mhamasishaji ndani ya saa moja yenye matangazo ya biashara katikati.

Ukanda wa ziwa ulikuwa umetangulia. Mwaka 1968 UNESCO na serikali walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi (mkoa ambao sasa ni Kagera), makao ya mradi yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilimfundisha mtu kusoma kwa kupitia kilimo cha pamba, migomba, uvuvi na mambo ya nyumbani. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, Ukerewe iliwekwa kati ya wilaya 6 zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Kwa hiyo Mtu ni Afya ilipofika visiwani, mazoea ya kukaa pamoja baada ya kazi na kumsikiliza mwalimu wa kujitolea yalikuwapo tayari. Kikundi kilikuwa na faida nyingine ambayo hakuna mnara wa redio unaoweza kuitoa: sauti ya Dar es Salaam ilisema Kiswahili, nao wasikilizaji waliweza kuyachambua yaliyosemwa kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita.

Mtu atasema huo haukuwa mjadala, ulikuwa maagizo. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, mada zilichaguliwa makao makuu, na balozi wa nyumba kumi alijua nani hana choo. Pingamizi hili lina nguvu na sitalipunguza. Hakuna kikundi kilichoalikwa kujadili kama afya ndiyo iwe mada, na sehemu ya vyoo ambavyo watu walichimba wakati wa kampeni bila shaka ilitokana na kuogopa kuonekana mkaidi. Ila amri peke yake haihitaji vitabu wala viongozi 75,000. Angalia pia mahali ambapo mbinu ilikwama, maana panaonyesha ilivyofanya kazi. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo au kinyesi, huanguliwa majini, vijidudu huingia katika konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu. Choo hukata kamba hiyo upande mmoja tu. Mvuvi anayesukuma mtumbwi, mama anayefua ufukweni na mtoto anayeoga ziwani huendelea kuambukizwa kila wanapoingia majini, na mwaka 1973 dawa ya praziquantel ilikuwa bado haijafika kwa wananchi. Kikundi cha kisiwa cha Ukara kingeweza kuchimba choo. Bomba la maji hakingeweza kulileta. Mjadala ulizaa matunda pale uamuzi ulipokuwa mikononi mwa kaya. Ulipohitaji fungu la serikali, njia ya kupeleka hoja juu ilikuwa nyembamba mno.

Pingamizi la pili ni kwamba simu ya mkononi imeifuta haja ya vikundi. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ifungue mlango kwa redio binafsi, na Radio Free Africa ianze kurusha matangazo kutoka Mwanza katikati ya muongo huo, msikilizaji wa ziwa anaweza kusema mwenyewe hewani. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini anayepiga simu ni mmoja mmoja, ana sekunde chache, anajisemea, na akikata hana mtu wa kumuuliza tulikubaliana nini. Ng'ambo ya ziwa, Kampala, watu walijaribu kurudisha umati ndani ya kipindi: mijadala ya ebimeeza iliwakusanya wananchi baa, wakasubiri zamu na kusema kwenye kipaza sauti mbele ya wenzao. Serikali ya Uganda iliipiga marufuku Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda. Marufuku yenyewe ni ushahidi: simu nyingi za mmoja mmoja huwatisha watawala kidogo kuliko watu 100 waliokaa pamoja wakasikilizana.

Kinachowezekana sasa ni kuunganisha vyote viwili, kikundi cha 1973 na simu ya leo, ambayo inatoa ile njia ya kupanda juu iliyokosekana. Vikundi havihitaji kuundwa upya. Kwenye mialo ya ziwa kuna BMU, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vyenye wajumbe na vikao. Kituo cha Mwanza kinachotaka kuzungumzia kichocho, nyavu haramu au bei ya dagaa kianze hapo: kiandike kijitabu cha kurasa chache, kimfundishe mjumbe mmoja kila mwalo kuongoza kikao, kipokee maamuzi ya vikao kwa simu, na juma linalofuata kimweke afisa wa wilaya hewani ayajibu kwa majina ya mialo. Na kipindi kirushwe siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu.