Sahihi ya Rafiki: Suala la Utunzi katika Kazi za Rumi

Uhakiki wa kazi za Jalal al-Din Rumi (1207–1273) aghalabu humchukulia kuwa chemchemi ya pekee ya mawazo yake, na wafuasi wake kuwa wapokezi tu. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanashikilia kwamba marafiki wa Rumi mjini Konya walishiriki katika kuziunda matini zenyewe, na kwamba waliokuja baadaye ndio waliomchonga Rumi anayejulikana leo. Michango hii miwili haina budi kutenganishwa.

Alipokutana na Shams wa Tabriz mwaka wa 1244, Rumi alikuwa mwalimu na mhubiri aliyekalia kiti cha baba yake. Urafiki huo ulimwelekeza kwenye utunzi wa ghazali. Linalostahili kuzingatiwa hapa ni suala la kifani. Katika ghazali nyingi, pale ambapo mtunzi hutarajiwa kulitia jina lake, pametiwa jina la Shams. Msomaji wa tenzi za Kiswahili, aliyezoea kumwona mtunzi akijitaja katika beti za mwisho, atautambua mara moja uzito wa tendo hili. Rumi hakumsifu rafiki tu, bali alimwachia mahali pa sahihi. Nafsineni katika ghazali hizo inakiri kuwa sauti yake imetokana na mwingine.

Mathnawi inaufikisha ushirikiano huu mbali zaidi. Kwa mujibu wa mapokeo, Husam al-Din Chelebi ndiye aliyemwomba Rumi atunge utungo mrefu wa mafunzo, kwa mfano wa kazi za Sanai na Attar. Rumi alitamka, Husam akaandika, kisha akamsomea alichokiandika. Hivyo ndivyo vilivyopatikana vitabu sita vyenye takriban beti 25,000 za mishororo miwimiwili. Baada ya kitabu cha kwanza kazi ilisimama. Mwanzo wa kitabu cha pili wenyewe unaeleza kuwa utunzi ulingoja kurejea kwa Husam, na katika kitabu cha sita utungo unaitwa kwa jina lake.

Ushahidi huu unatoa mwanga juu ya muundo. Katika Mathnawi hadithi huanzishwa, ikakatizwa na nyingine, kisha ikarejelewa baada ya kurasa nyingi. Anayeisoma kama kazi ya mtu aliyejifungia chumbani ataiona imekosa mpangilio. Anayeisoma kama mazungumzo yaliyonakiliwa mbele ya msikilizaji ataona kuwa mikato hiyo ina mantiki yake: msemaji anampima msikilizaji, anahofia kufichua mengi, anarudi nyuma.

Baada ya kifo cha Rumi hali ilikuwa tofauti. Mwanawe, Sultan Walad (aliyefariki 1312), aliwapanga wafuasi kuwa tarika. Baadaye Aflaki, kwa agizo la mjukuu wa Rumi, alianza mwaka wa 1318 kukusanya masimulizi ya miujiza ya ukoo huo. Tofauti kati ya wawili hawa inadhihirika katika habari za mwisho wa Shams. Sultan Walad anasema kwamba Shams alitoweka. Aflaki ana masimulizi kwamba aliuawa, na kwamba mwana mwingine wa Rumi alihusika. Wa kwanza alikuwa karibu na tukio, lakini alikuwa na heshima ya familia ya kulinda. Wa pili aliandika miongo mingi baadaye, katika utanzu unaopenda damu ya shahidi. Hakuna anayestahili kuaminiwa bila kuhojiwa.

Huenda ikadaiwa kwamba hoja hii inampunguzia Rumi ustadi wake. Sivyo. Lugha na taswira zinabaki zake. Kinachokanushwa ni upweke wake. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kuwa habari nyingi za Husam nazo zimetoka kwa wafuasi walewale. Ndiyo sababu makala haya yameyapa uzito wa kwanza yale ambayo matini yenyewe inayakiri: jina mahali pa sahihi, na utungo uliomngoja mwandishi wake. Masimulizi ya wasifu yanaweza kuuongezea ushahidi huo, lakini mhakiki asiyaache yashike nafasi yake.