Rasimu za Dylan Thomas: Kipaji au Jasho?

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya ushairi kuna kauli moja ambayo haifi: kwamba mshairi huzaliwa, hafundishwi. Anayeitoa huwa hakosi mfano, na mfano mmojawapo unaopendwa ni Dylan Thomas, yule mshairi wa Wales aliyezaliwa Swansea tarehe 27 Oktoba 1914 na kufariki New York tarehe 9 Novemba 1953, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 39. Ati alikuwa mlevi, mkopaji asiyelipa, mtu wa vilabuni, na mashairi yalimjia yenyewe kama mvua. Basi, kama huyu aliweza, kwa nini sisi tuhangaike kufuta na kuandika upya?

Makala haya yanapinga kauli hiyo kwa kutumia ushahidi wa makaratasi yake mwenyewe: madaftari, rasimu na barua. Hoja zetu ni mbili. Kwanza, makaratasi haya yanatuonyesha fundi mvumilivu kuliko wengi wetu tunavyotaka kuamini. Pili, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu, rasimu si ufunguo wa maana iliyofichwa. Ni ushahidi wa uamuzi wa msanii, basi. Anayezisoma ili kuchungulia maisha ya mtu anapotea sawasawa na yule anayekataa kabisa kuzitazama.

Madaftari ya kijana

Kati ya mwaka 1930 na 1934, tangu akiwa na umri wa miaka 15 hadi 19, Thomas alikuwa akinakili mashairi yake kwa mkono katika madaftari, akiyapa namba na mara nyingi tarehe. Madaftari manne ya kipindi hicho yamehifadhiwa, nayo yana mashairi 200 hivi. Ralph Maud aliyahariri na kuyachapisha mwaka 1967, na tangu hapo msomaji anaweza kumfuata kijana huyu karibu shairi kwa shairi.

Daftari la mwaka 1930 lina jambo la kutushtua kidogo. Mwenyewe ameandika humo kwamba mengi ya mashairi yaliyomo ni mashairi huru. Ndiyo, huru! Sisi tuliolelewa katika ule ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko tumezoea hadithi ya safari moja tu: mshairi anatoka kwenye vina na mizani, anakata kamba, anakwenda kwenye uhuru. Thomas alisafiri kinyume. Alianza akiwa huru, akajifunga mwenyewe, na jinsi alivyozidi kukomaa ndivyo alivyozidi kuikaza kamba. Sisemi kwamba ushairi huru ni wa kitoto. Kezilahabi alishatutoa huko zamani. Ninachosema ni kwamba kwa Thomas sharti la fani halikuwa urithi aliobebeshwa. Lilikuwa chaguo lake, na madaftari yanatuonyesha jinsi alivyolifikia.

Tena madaftari haya yalikuwa ghala. Vitabu vyake vitatu vya kwanza vyenye mashairi, yaani 18 Poems (1934), Twenty-five Poems (1936) na The Map of Love (1939), vyote vilichota humo. Shairi la "And death shall have no dominion" liliingia daftarini Aprili 1933, likatokea gazetini mwaka huohuo, kisha likarekebishwa kabla ya kuingia kitabuni mwaka 1936. "The Hunchback in the Park", linalomhusu mzee mwenye kibiongo katika bustani ya Cwmdonkin karibu na nyumbani kwao, lilianza daftarini mwaka 1932. Alilirudia mwaka 1941. Hebu fikiria: miaka tisa shairi limelala, halafu mtu anakuja kuliamsha na kulitengeneza upya. Hiyo ndiyo mvua inayonyesha yenyewe?

Karakana ya mshairi

Rasimu za miaka ya baadaye ndizo zinazoumaliza ubishi. Tuchukue "Fern Hill", shairi lililochapishwa mwaka 1945 kuhusu utoto katika shamba la jamaa zake. Msomaji akilisikia anadhani ni maneno yanayotiririka tu, kama mtoto anayekimbia kilimani. Lakini lina beti sita, kila ubeti mishororo tisa, na mishororo imepangwa kwa idadi ya silabi. Mishororo miwili ya kwanza ya kila ubeti ina mizani 14, na mishororo inayofuata inafupika na kurefuka kwa mpango unaojirudia, ukiacha tofauti ndogondogo. Kwa msomaji wa Kiingereza hili ni jambo la ajabu kidogo, kwa sababu ushairi wao wa kawaida husikiliza mkazo wa sauti. Kwa sisi tuliohesabu mizani kwa vidole tangu shule ya msingi, si ajabu hata kidogo. Tunaijua kazi hiyo. Vina vyake navyo mara nyingi si kamili. Ni irabu tu zinazoitana kutoka mshororo hadi mshororo. Mwanamapokeo mkali angemkata maksi, lakini sikio linaridhika.

John Malcolm Brinnin, aliyemwalika Thomas kwenda Marekani kusoma mashairi yake na baadaye akaandika kitabu juu ya safari hizo (1955), anaeleza kwamba alionyeshwa zaidi ya matoleo 200 ya shairi hilo moja. Sababu yake inafundisha zaidi kuliko idadi yenyewe. Thomas alikuwa na tabia ya kulinakili upya shairi lote kila alipobadilisha neno au mshororo, ili shairi liendelee kukua kwa pamoja kama kiumbe kimoja, lisiwe kiraka juu ya kiraka. Kwa hiyo hakuwa anarekebisha mshororo peke yake. Kila neno jipya lilipimwa kwa kupitia shairi zima kwa mkono, tangu mwanzo. Nani kati yetu ana subira hiyo?

Mfano wa pili ni "Prologue", shairi aliloandika liwe dibaji ya mkusanyiko wa mashairi yake uliotoka Novemba 1952. Lina mishororo 102. Mshororo wa kwanza una kina kimoja na wa 102, wa pili na wa 101, hivyohivyo mpaka wa 51 na wa 52 wanakutana katikati. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kukumbuka kina cha mshororo wa kwanza mpaka mwisho wa shairi. Katika barua kwa mchapishaji wake mwenyewe alikiri kwamba hakujua kwa nini alijitwisha mzigo mgumu kiasi hicho. Chuo Kikuu cha Harvard kimehifadhi kurasa 166 za rasimu za shairi hilo. Kurasa 166 kwa mishororo 102! Na tukumbuke kwamba huu ulikuwa wakati ule ule ambao hadithi za vilabuni zinatuambia hakuwa akifanya kazi.

Je, rasimu ni ufunguo?

Hapa najua nitapingwa kutoka pande mbili.

Upande mmoja wapo wanaoshika maneno ya Roland Barthes kwamba mwandishi amekufa. Hawa husema: tunacho kitabu, matini imekamilika, rasimu za nini? Nawajibu kwamba rasimu haimfufui mwandishi. Inachofufua ni maneno mengine ambayo yangeweza kukaa mahali pale. Mhakiki anapodai kwamba neno fulani limeteuliwa vizuri, anapaswa kuuliza limeteuliwa kati ya yapi. Mara nyingi tunajibu kwa kukisia. Katika rasimu za Thomas kuna orodha za maneno yenye vina yaliyopangwa pembeni ya ukurasa. Majibu yako pale, kwa mwandiko wake.

Upande wa pili wapo wanaofurahia rasimu kupita kiasi. Wakikuta neno lililofutwa, wanasema: ahaa, hii ndiyo maana ya kweli aliyoificha! Hapana jamani. Neno lililofutwa limefutwa. Kama shairi halisemi jambo hilo tena, basi halisemi. Kosa hilohilo linafanywa kwa barua zake, ambazo Paul Ferris alizihariri katika kitabu kikubwa mwaka 1985. Nyingi zinaomba fedha, na baadhi ya wasomaji huzitumia kumhukumu. Lakini barua alizomwandikia Pamela Hansford Johnson mwaka 1933 na 1934 zimejaa mjadala wa ufundi: vijana wawili wanasomeana mashairi na kukosoana bila huruma. Kwa mhakiki, hizo zina faida kubwa kuliko barua mia za kuomba kodi ya nyumba.

Makaratasi ni ya nani?

Historia ya makaratasi yenyewe inasikitisha. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 26 na hana kitu mfukoni, Thomas aliyauza yale madaftari manne. Yalinunuliwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ambayo tangu miaka ya 1930 ilikuwa imeanza kukusanya rasimu za washairi waliokuwa bado hai, jambo ambalo wengi hawakuliona kuwa na maana. Ghala lake likavuka bahari.

Mwaka 1953 alipoteza mswada wa tamthilia yake ya redio, Under Milk Wood. Akamwambia Douglas Cleverdon, mtayarishaji wa vipindi wa BBC, kwamba akiupata auchukue uwe wake. Cleverdon aliupata katika kilabu kimoja cha Soho, London. Thomas alipokwisha kufariki, mjane wake Caitlin alifungua kesi kuudai, na mwaka 1966 mahakama iliamua kwamba ile ilikuwa zawadi halali.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha daftari la tano. Lilibaki nyumbani kwa mama mkwe wake. Mtumishi wa nyumba hiyo alipewa rundo la makaratasi ayachome jikoni. Daftari lile hakulichoma. Akaliweka, na akalitunza mpaka alipofariki mwaka 1984. Mwaka 2014, mwaka ambao Thomas angetimiza miaka 100, lilitokea kwenye mnada wa Sotheby's, na Chuo Kikuu cha Swansea kikalinunua kwa pauni 104,500 pamoja na ada ya mnada. John Goodby na Adrian Osborne walilichapisha mwaka 2020. Ni daftari la miaka ya 1934 na 1935, kipindi cha mashairi yake magumu kabisa, yale ambayo wengi waliyaita fujo ya maneno. Kumbe humo ndani kuna kufuta, kupanga na kuandika upya! Ugumu ule ulitengenezwa kwa makusudi. Tunalijua hilo leo kwa sababu mama mmoja wa jikoni aliona kile ambacho waajiri wake hawakukiona.

Nasi tusicheke. Mashairi ya Muyaka tunayoyasoma darasani yametufikia kwa jitihada za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na miswada yenyewe iko London.

Shairi la watu wawili

Kuna mpaka mmoja ambao hatuna budi kuutaja. Baba yake Thomas alifariki Desemba 1952, na mshairi alikuwa akimwandikia shairi la maombolezo lililobaki halijakamilika. Rafiki yake Vernon Watkins, naye mshairi wa Wales, alichukua kurasa 60 za rasimu akaokota mishororo na kulikamilisha, likachapishwa mwaka 1956 kwa jina la "Elegy". Ni la nani? Katika jadi yetu mtu akitia takhmisi shairi la mwenzake, msomaji anajua ni mishororo ipi ya mwenye shairi na ipi iliyoongezwa. Watkins naye hakuficha, alieleza alichofanya. Lakini mishororo aliyoiokota ilikuwa ya marehemu, na mpangilio ulikuwa wake yeye. Kwa mtu aliyenakili shairi zima upya kwa sababu ya neno moja, mpangilio ndio shairi lenyewe. Kwa hiyo mimi nalisoma kama zawadi ya rafiki kwa rafiki. Kama kazi iliyokamilika ya Thomas, silikubali.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba makaratasi ya Dylan Thomas yanaibomoa hadithi ya kipaji kinachoshuka chenyewe. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina ubishi, lakini ndani ya makaratasi kinachoonekana ni jasho. Hadithi ile ina madhara. Inamfundisha mwandishi chipukizi alete semina shairi la usiku mmoja, na akikosolewa akasirike kama aliyetukanwa. Inamfundisha pia kwamba maisha ya ovyo ni sehemu ya sanaa.

Pendekezo langu kwa idara ni dogo. Katika kozi ya uandishi wa kubuni, mwanafunzi akabidhi rasimu zake pamoja na shairi la mwisho, na maksi zitolewe kwa vyote. Siku hizi tunaandika kwenye kompyuta na simu; tukifuta, neno limekwenda, halina hata kivuli. Wa kuokoa madaftari yetu jikoni hatakuwepo. Wanaoona kwamba huu ni mzigo usio na faida, kurasa ni hizihizi, waandike watujibu.