Duyi Ndiyo Inayoua Balbu

Balbu ya jukwaa ikiungua kabla ya wakati wake, hapa Manika, katika mji wetu wa shaba, wa kwanza kulaumiwa ni umeme. Unapanda, unashuka, unakatika kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Lawama hizo si za bure, lakini kabla ya kununua balbu nyingine fungua mgongo wa ile taa ya kopo, PAR 64, uvute holda ya kauri iliyoshika miguu ya balbu, ambayo mafundi wa hapa huiita duyi. Ikitoka bila ubishi, umeme hauna kesi.

Hesabu yake ni fupi. Balbu ya wati 1000 kwenye volti 220 huvuta ampea 4.5 hivi. Ndimi za chuma ndani ya duyi zikiibana miguu sawasawa, hakuna joto la kusumbua pale zinapogusana. Zikilegea, ukinzani ukafika nusu omu, sehemu ndogo kuliko ukucha inazalisha wati 10 zake yenyewe, juu ya joto la balbu. Joto hilo linaotesha kutu nyeusi, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Kisha linapanda kwenye miguu hadi pale kioo kilipobana karatasi nyembamba za molibdeni zinazopitisha umeme ndani. Watengenezaji wa balbu za halojeni huweka kikomo cha nyuzi 350 za Selsiasi mahali hapo. Ukikivuka, molibdeni huliwa na hewa na kioo hupasuka. Uzi wa ndani unaweza kuwa mzima kabisa, na balbu imekufa.

Kwa mkazi wa mji wa shaba, hili lina kichekesho chake: shaba safi husafirisha umeme vizuri ajabu, lakini ni springi mbovu. Ukiipasha joto inalainika, wala haibani tena. Ndiyo maana springi za umeme hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa, na mojawapo ya michanganyiko hiyo ina beriliamu na kobalti kidogo, zao jingine la ardhi yetu.

PAR 64 ina adui wa ziada, nao ni mikono. Mwanga wake una umbo la yai, na anayetaka kulilaza au kulisimamisha hushika duyi kwa nyuma na kuizungusha. Kila mzunguko unakunja waya palepale na kupanua ndimi. Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwenye waya: ganda likivunjika kama biskuti, usitafute ushahidi mwingine. Miguu ya balbu iliyogeuka bluu au yenye vishimo, na kauri yenye ufa, nayo inatosha. Mita ya kawaida haifai sana hapa, kwa sababu nyaya zake zenyewe zina ukinzani unaokaribia ule unaoutafuta.

Kusugua ndimi kwa msasa ni tiba inayopendwa, nami siipendi. Msasa unaondoa nikeli iliyopakwa juu, na shaba iliyobaki wazi inashika kutu upesi zaidi. Kuzikunja kwa koleo kunasaidia usiku mmoja. Chuma kilicholainika hakikumbuki umbo.

Kubadilisha si kazi ngumu. Chomoa taa, isubiri ipoe. Kwenye taa kuukuu za kabla ya halojeni, mfano Pattern 23 ya Strand ya mwaka 1953, ukikuta waya umevikwa nyuzi nyeupe zenye manyoya, usikate wala kupuliza: huenda ni asbesto, na vumbi lake halistahili balbu yoyote. Kwingine, weka duyi mpya ya aina ileile. Pattern 23 hutumia P28s, na ukilazimisha aina nyingine, uzi wa balbu hautakaa mbele ya kioo akisi inavyotakiwa, na nuru itakuwa hafifu. Waya uwe wa silikoni au teflon ndani ya soksi ya nyuzi za kioo. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania, visiunganishwe kwa risasi. Ile ya kawaida, ya bati na risasi, huyeyuka karibu na nyuzi 183. Kisha kwangua rangi chini ya skrubu ya ethi, maana kopo zima ni chuma na kuna mtu atalishika.

Miguu ya balbu ikiwa na vishimo, itupe hata kama bado inawaka. Ukiiingiza kwenye duyi mpya, itaziharibu ndimi mpya. Vipuri bado vipo: kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza Septemba 2021 ziliziondoa balbu nyingi za zamani sokoni, lakini zile za jukwaa, zikiwemo za P28s na GX16d inayotumiwa na PAR 64, zilisamehewa baada ya wasanii kupiga kelele.

Duyi iliyotolewa ipige nyundo papo hapo. Ikibaki kwenye sanduku la vifaa, kuna Jumamosi ya harusi itarudishwa kazini.